Gari inajifunga milango yenyewe, ufunguo ndani, keki ndani

#1 Mama_Keki
Hamjambo humu. Niko Malindi, gari ni Corolla 110 ya 1998, niliachiwa na mjomba akiniambia "imechoka umeme kidogo tu". Hicho kidogo ndicho kilichonileta hapa.

Jumamosi nimebeba keki ya harusi ya tabaka tatu, naipeleka Casuarina. Nimefika getini, injini nimeiacha inanguruma ili kiyoyozi kisizime, nikashuka kwenda kufungua mlango wa nyuma. Sijashika hata kitasa, nikasikia tak! Milango imejifunga. Ufunguo kwenye swichi, simu juu ya kiti, keki nyuma inanitazama. Na hicho kiyoyozi gari ikisimama hupumua kama mgonjwa. Dakika arubaini kijana wa bodaboda anahangaika na waya wa henga kwenye mpira wa dirisha, walinzi watatu wakimpa ushauri. Alipofungua, tabaka la juu limelala upande kama jahazi lililopwelewa.

Dalili nyingine: nikipita matuta ya Gede vitasa hupiga tak-tak vyenyewe, mara mbili mara tatu. Mlango wa nyuma kushoto haufuati wenzake kabisa, ni wa mkono tu. Taa ya ndani siku nyingine huwaka niko njiani. Betri imekufa mara mbili ndani ya mwezi, na nimenunua mpya Januari. Asubuhi baada ya mvua mambo huzidi.

Fundi wa kwanza kasema betri. Wa pili kasema "senta loki (ule mfumo wa kufunga milango yote pamoja) imeisha, nunua nzima". Kabla sijatoa pesa, ni nini hii?

#2 Yakhe_Barani
Pole na keki dada. Hiyo ni betri tu. Volti zikishuka rilei, zile swichi zinazoendeshwa kwa umeme, huchanganyikiwa, zinapiga hovyo. Na taa ya ndani ikikesha inawaka ndiyo inamaliza betri. Osha vichwa vya betri kwa maji moto na magadi, kaza, utaniambia.

#3 Fundi_Mita
Dada usinunue kitu kwanza. Fungua mlango wa dereva mpaka mwisho utazame penye bawaba. Kuna mpira mweusi uliokunjana kama mkonga, umetoka kwenye bodi ukaingia mlangoni. Waya zote za mlango huo zimepita humo: za kioo, za kufuli, za kioo cha pembeni, za spika. Mlango wa dereva hufunguliwa kuliko mingine yote, na mtu wa kupeleka mizigo kama wewe huufungua hata mara thelathini kwa siku. Zidisha kwa miaka ya gari. Shaba hukatika kwa ndani, plastiki ya nje bado nzima ukiitazama, au plastiki hupasuka waya ikagusa mwenzake. Ndiyo maana matuta yanaiamsha.

Kipimo hakina gharama. Mlango wazi, shika mpira huo uupinde juu, chini, kushoto, kulia. Vitasa vikipiga bila mtu kubonyeza kitu, umemshika mwizi. Kisha vua mpira, umebanwa tu, unatoka kwa vidole, uvute kila waya taratibu. Waya iliyokatika ndani hurefuka kama mpira wa manati. Nzima hairefuki.

#4 Bin_Kusi
Fundi_Mita maneno yako sawa ila mbona hakuna aliyemuuliza kama gari ina alamu? Gari nyingi hapa zilivishwa alamu ya dukani baada ya kushuka meli, na aliyeivisha alikuwa na haraka ya kwenda kula.

Alamu nyingi za namna hiyo zina tabia hii: zikishafunguliwa, zisipoona mlango umefunguliwa ndani ya nusu dakika, zinajifunga tena. Zinadhani umebonyeza kwa bahati mbaya. Na zinaujua mlango umefunguliwa kwa ile swichi ndogo yenye kofia ya mpira kwenye fremu ya mlango, ileile inayowasha taa ya ndani. Swichi hiyo ikishika kutu, alamu haina macho. Taa inawaka hovyo njiani, milango inajifunga hovyo, ni swichi moja hiyo hiyo. Ya kwangu ilinifungia nje Kilifi saa nne usiku, mtoto amelala ndani. Nilivunja kioo. Sikungoja henga.

#5 PundaHanaFyuzi
Mimi niko Amu, yaani Lamu. Chombo changu kina miguu minne, hakina betri, na kikigoma huwa kimeamua chenyewe. Endeleeni wakubwa, nasoma tu.

#6 Mama_Keki
@Bin_Kusi alamu ipo! Rimoti ilipotea zamani za mjomba. Kuna kitaa chekundu kwenye dashibodi kinamemeta usiku kucha, nilidhani ni pambo.

@Fundi_Mita nimepinda mpira. Ilipiga mara moja tu, tak, kisha ikanyamaza kama mtoto mbele ya wageni. Nimeona kitu kingine lakini. Kwenye kisanduku cha fyuzi hapa gotini, fyuzi moja imevishwa karatasi ya fedha, ile ya pakiti ya sigara. Mjomba havuti.

#7 Fundi_Mita
Toa. Leo. Kabla hujalala.

Fyuzi kazi yake ni kuungua ili waya isiungue. Ile ya buluu ni ya amp 15, nyekundu 10, ya njano 20, ya kijani 30. Ikiungua ile ya 15 ukaweka 15 nyingine ikaungua tena, gari inakuambia mahali fulani waya ya moto imegusa bodi. Karatasi ya fedha haiungui kwa amp 15, pengine hata kwa 50. Kinachoungua ni waya, na waya imepita chini ya zulia unapokanyaga wewe. Nimeona Probox imeteketea kiti cha mbele kwa sababu ya karatasi kama hiyo, na mwenyewe alikuwa ameingia dukani kununua maziwa.

Soma mfuniko wa kisanduku, umeandikwa kila fyuzi ni ya nini na ya amp ngapi. Weka inayotakiwa. Ikiungua, mshukuru Mungu, maana sasa una ushahidi.

#8 Hesabu_Tu
Turudi kidogo kwa Yakhe_Barani. Taa ya ndani ni wati 10 hivi. Gawa kwa volti 12, unapata amp 0.8. Usiku wa saa 10 imekula Ah (amp-saa) 8. Betri ndogo ya NS40 ina Ah 35 hivi, na betri ya Januari haifi kwa kunyang'anywa 8. Asubuhi ingewasha, labda kwa kunung'unika. Kwa hiyo ama kuna kitu kingine kinakula mbali na taa, ama betri haijazwi barabarani. Pima kwa mita: gari imelala, volti 12.4 mpaka 12.6 ni sawa. Injini inanguruma, ziwe kati ya 13.8 na 14.4. Chini ya hapo tazama alteneta, ile inayojaza betri, na mkanda wake.

#9 Yakhe_Barani
Hesabu_Tu sikusema taa peke yake. Nimesema betri. Soma.

#10 Hesabu_Tu
Nimesoma mara mbili. Umesema "ndiyo inamaliza betri".

#11 Mzee_240D
Vijana mnahangaika na waya. Mercedes yangu W123 ya dizeli senta loki yake haina umeme milangoni, inatumia upepo, yaani mvuto wa hewa kutoka kwenye pampu ya injini, na kila mlango una kibuyu cha mpira ndani. Mpira mmoja ukitoboka, milango yote inakuwa mizito. La ajabu ni hili: injini ya dizeli ya gari hiyo huzimwa kwa mvuto huohuo. Miaka mingi iliyopita nilizima gari sokoni, nikatoa ufunguo, nikaenda kununua samaki, changu. Niliporudi, watu wamejaa wanaitazama gari inanguruma peke yake, ufunguo ninao mkononi. Wakasema ina mashetani. Kumbe ni mpira wa mlango wa abiria umechanika, upepo wote unatokea pale, hakuna wa kuzima injini.

#12 PundaHanaFyuzi
Mzee hapo umeniacha. Mlango mbovu, injini haizimiki? Naenda kumkumbatia punda wangu.

#13 Chuma_Chakavu
Na hii ya Mama Keki mbona hamsemi jini? Gari imetoka kwa mjomba wa Gede, matuta ni ya Gede, na huko magofuni watu wa zamani hawajahama.

#14 Kwa_Ndomo
Mashetani waacheni Gede. Mimi naona ni mawimbi. Rimoti yangu nikifika Ngomeni haifungui kitu, nikirudi Malindi inafungua. Ni yale madishi ya San Marco, kituo cha anga cha Waitaliano. Zamani walikuwa wanarusha roketi pale, mnafikiri hewa imebaki salama?

#15 Hesabu_Tu
Roketi za San Marco zilirushwa kutoka jukwaa la baharini tangu 1967 mpaka 1988. Mojawapo ilipeleka setelaiti ya Uhuru tarehe 12 Desemba 1970, iliyopewa jina hilo kwa sababu siku yenyewe ni ya uhuru wa Kenya. Gari ya dada ni ya 1998. Hata kwa uchawi hazikukutana.

Madishi ya sasa yanazungumza na setelaiti kwenye masafa ya gigahezi. Rimoti ya gari iko megahezi 315 au 433. Ni kama kusema mtu anayepiga zumari Mambrui anakuvurugia redio. Badilisha betri ya rimoti, ile ya duara. Na tena Mama Keki rimoti yake imepotea, sasa mawimbi yanamvuruga nani?

#16 Kwa_Ndomo
Basi mbona Ngomeni tu?

#17 Hesabu_Tu
Huko huwa unabonyeza ukiwa mbali na gari, una kiu ya madafu.

#18 Pwani_Pwani
Sijui kwa nini hakuna aliyetaja chumvi. Sisi tunaoishi karibu na maji, ethi ndiyo ugonjwa nambari moja. Zile waya nyeusi zinazofungwa kwa bolti kwenye bodi, nyuma ya ubao wa pembeni penye mguu wa dereva, bolti ikishika kutu umeme unakosa njia ya kurudi nyumbani. Ukikosa njia yake unapita kwenye njia ya jirani. Unawasha indiketa, taa ya ndani inapepesa. Unabonyeza breki, kitasa kinapiga. Asubuhi baada ya mvua kutu imelowa, mchana imekauka. Si ndivyo alivyosema? Kuzidi asubuhi baada ya mvua?

Kipimo: mita kwenye volti, ncha moja kwenye kichwa cha hasi cha betri, nyingine kwenye ile bolti, halafu mtu abonyeze kufunga na kufungua. Isizidi volti 0.2. Mimi yangu ilisoma 3. Nilipiga msasa mpaka chuma kikang'aa, nikapaka grisi, yakaisha. Shilingi hamsini za msasa.

#19 Bin_Kusi
Pwani_Pwani ethi mbovu inafanya vitu vife au vilegee. Haifungi milango kwa nguvu, tak, mara moja. Ile ya Casuarina ilikuwa amri, si ulegevu.

#20 Pwani_Pwani
Amri inatoka wapi kama si kwenye umeme uliopotea njia?

#21 Fundi_Mita
Wote wawili mko karibu. Kwenye Toyota nyingi za umri huu, swichi ya mlangoni haipeleki moto. Inachofanya ni kugusisha waya nyembamba kwenye ethi, na kile kisanduku cha rilei kikihisi mguso huo ndipo kinaupeleka moto milangoni. Sasa waya hiyo nyembamba ikichunika ndani ya mkonga ikagusa chuma cha mlango, kisanduku kinasikia "funga!" Kinatii. Hakijui kwamba si wewe.

#22 Waya_Kijani
Fundi hapo umejifunga bao. Kama ni waya ya amri inayogusa bodi, fyuzi haiungui, maana waya hiyo haina moto wa kuunguza. Lakini fyuzi yake iliungua, ndiyo maana mtu akavisha karatasi. Kwa hiyo kuna waya ya pili, ya moto, inagusa mahali pengine. Ugonjwa ni wawili. Pengine ni watatu, ukiweka ule mlango wa nyuma kushoto.

#23 Fundi_Mita
Naam, hapo nimekubali. Nitamwonea haya mwanafunzi wangu akisoma.

Ule wa nyuma kushoto uwekeni kando, naona ni mota imekufa. Fungua ubao wa mlango, chomoa soketi ya mota, chomeka testa ya taa kwenye zile tundu mbili, bonyeza kufunga. Taa ikimeta mara moja, moto unafika, mota ndiyo mgonjwa. Isipometa, rudi kwenye waya. Mota hizo zina waya mbili tu: ukipeleka moto huku inafunga, ukigeuza inafungua. Ukitaka kuijua kabla hujaifungua, mtu abonyeze huku wewe unaupiga mlango ngumi ya kiasi. Ikizinduka, burashi zake zimeisha.

#24 Mama_Keki
Nimeupiga ngumi. Umezinduka mara moja, kisha ukalala tena. Jirani anauliza kama nimegombana na gari.

Fyuzi ya buluu nimeweka. Imekaa siku mbili haijaungua.

#25 PundaHanaFyuzi
Sasa niseme ukweli, nina gari pia. Huku kisiwani haina kazi, naiacha Mokowe nikivuka, hukaa hata wiki tatu karibu na gati. Siku moja nimeshuka kwenye mashua, nafungua mlango, honi inalia yenyewe na madirisha ya umeme hayapandi. Fundi alipofungua swichi ya mlangoni ndani mmejaa sisimizi, wabichi na waliokauka, wameshindilia baina ya vile vibati viwili vya shaba. Mayai yao pia. Mai ya chumvi hayakuhusika kabisa. Alipuliza, akasugua kwa msasa mwembamba, basi.

Mama Keki, gari yako inabeba sukari kila siku. Nimemaliza.

#26 Chuma_Chakavu
Hahaha! Jini limepatikana, lina miguu sita.

#27 Mama_Keki
Mimi nafagia gari yangu kila jioni, bwana. Makombo hayapo.

#28 Mama_Keki
Nimefungua swichi. Makombo yapo.

Sisimizi watatu tu lakini, wamekufa zamani.

#29 Yakhe_Barani
Na panya msimsahau. Panya hapendi keki tu, anapenda na plastiki ya waya. Tazama chini ya kiti cha nyuma.

#30 Mama_Keki
Habari ndefu kidogo leo. Kijana wa jirani ana mita, tumefanya kazi tangu alasiri mpaka magharibi.

Volti: imelala 12.4, injini ikinguruma 14.1. Hesabu_Tu, alteneta haina kosa. Bolti ya ethi mguuni: 0.3 wakati wa kubonyeza. Ilikuwa na kutu kidogo, tumeisugua, ikashuka hadi 0.1. Pwani_Pwani, nusu ya pongezi.

Mkonga wa mlango: tumeuvua. Waya tatu plastiki imepasuka, moja imekatika kabisa, shaba yake imegeuka kijani na ukiishika inamong'onyoka kama biskuti. Nyingine mbili zilikuwa uchi zinatazamana, na ya mwisho ilikuwa na alama nyeusi ya kuungua. Kijana alikata kila moja mbele na nyuma ya pale palipooza, akaongeza kipande kipya cha waya kirefu kidogo, akalehemu kwa risasi, akavisha kila moja mpira wake wa joto. Hakuzikusanya mafundo mahali pamoja, alizipanga ngazi-ngazi ili mkonga ukunjike. Nilipenda hapo. Ni kama kupanga tabaka za keki, ukiziweka mishono sawasawa zinapasuka.

#31 Fundi_Mita
Huyo kijana ni wa kuozwa binti wa mtu. Umalize dozi: mota ya nyuma kushoto, na umepona.

#32 Waya_Kijani
Ile alama nyeusi ndiyo fyuzi yake. Zile mbili uchi ndizo amri. Nilisema ugonjwa wawili.

#33 Bin_Kusi
Na alamu mmeiacha pale pale? Sawa. Tutaonana.

#34 Mzee_240D
Hongera binti. Na mimi niulize, redio ya Corolla hizi kutoka Japani mbona haishiki stesheni zote? Ya mwanangu inaishia 90.

#35 Kwa_Ndomo
Mzee, Japani FM yao ilikuwa 76 mpaka 90. Kuna kikopo unachomeka nyuma ya redio kinashusha stesheni za huku. Stesheni ya 98 unaikuta namba nyingine kabisa, utazoea. Au weka redio mpya.

#36 Chuma_Chakavu
Kwa_Ndomo leo umesema kitu cha kweli. Weka tarehe.

#37 Mama_Keki
Siku tano za amani. Leo narudi kutoka Mambrui, nimevuka daraja la Sabaki, barabara tambarare haina hata kokoto, tak! Imejifunga. Kisha ikafungua. Kisha ikafunga. Nikaegesha pembeni nikaitazama. Kitaa chekundu kinamemeta.

#38 Bin_Kusi
Sisemi neno.

#39 Bin_Kusi
Nasema. ALAMU. Waya zake zimechomekwa kwenye waya zilezile za amri ulizolehemu. Sanduku lenyewe la alamu lina rilei zake ndani, unyevu ukiingia kwenye kibao chake linatoa amri kwa kujipendea. Pima inakula kiasi gani: chomoa hasi ya betri, weka mita kwenye amp 10 baina ya kichwa na waya, milango yote ifungwe. Kama unataka mlango wazi, bonyeza ile swichi yenye kofia ya mpira ibaki ndani, gari ione mlango umefungwa. Ngoja nusu saa gari ilale. Isizidi miliamp 50, yaani amp 0.05. Kisha chomoa fyuzi moja moja.

#40 Waya_Kijani
Na asiwashe gari wala asifungue taa mita ikiwa hapo, ataunguza fyuzi ya mita.

#41 Pwani_Pwani
Juzi mvua imenyesha Mambrui. Maji yanaingia kwa mpira wa kioo cha mbele, yanateremka nyuma ya kisanduku cha fyuzi. Ingiza mkono chini ya zulia la dereva, mtaniambia kama ni pakavu.

#42 Mama_Keki
Zulia la dereva: limelowa. Si sana, lakini limelowa.

Mita: amp 0.6 gari ikiwa imelala. Tulipochomoa fyuzi inayolisha alamu ikashuka hadi 0.04.

#43 Hesabu_Tu
0.6 kwa saa 24 ni Ah 14.4. Gari ikikaa siku mbili bila kutoka, Ah 29 zimekwenda kwenye betri ya 35. Hapo betri imeelezeka. Yakhe_Barani, haikuwa taa.

#44 Yakhe_Barani
Lakini ilikuwa betri.

#45 Fundi_Mita
Alamu inaeleza betri. Haielezi kwa nini jambo lilianza na matuta. Mimi bado nashuku kitu cha mlango wa dereva: mota yake ina waya tano, mbili za kuisukuma na tatu za kutoa habari kwa wengine kama imefunga au imefungua. Vile vibati vya habari vikilegea, mtikisiko mdogo tu milango mingine inafuata kama kondoo. Chomoa soketi ya mota hiyo uendeshe wiki moja.

#46 Waya_Kijani
Fundi, tano ni zile za kuongezwa dukani. Za Toyota yenyewe huenda zisiwe tano. Ahesabu.

#47 Mama_Keki
Nimehesabu, ni tano. Na si ya Toyota, imefungwa kwa skrubu za mabati ya nyumba. Mjomba, mjomba.

#48 Bin_Kusi
Aliyeweka mota hiyo ndiye aliyeweka alamu. Kitu kimoja hicho.

#49 Mama_Keki
Nimerudi baada ya siku tisa. Haijapiga hata mara moja. Nimepita matuta ya Gede mara sita, Mambrui mara mbili, mvua imenyesha usiku wa Jumanne. Betri inawasha kwa mguso.

#50 Fundi_Mita
Ulichomoa soketi ya mota ya dereva?

#51 Mama_Keki
Ndiyo.

#52 Fundi_Mita
Basi. Nilisema.

#53 Bin_Kusi
Ngoja. Na alamu?

#54 Mama_Keki
Kijana alichomoa alamu siku hiyohiyo. Na aliziba mpira wa kioo cha mbele kwa silikoni, maana alikuwa nayo mkononi.

#55 Waya_Kijani
Mama Keki!! Kitu kimoja kwa siku moja! Sasa tutajuaje?

#56 Pwani_Pwani
Mimi najua. Silikoni.

#57 Bin_Kusi
Rudisha mota, acha alamu nje, uendeshe wiki. Ikitulia ni alamu.

#58 Fundi_Mita
Au rudisha alamu, acha mota nje. Uone betri inavyokufa na milango inavyotulia.

#59 Mama_Keki
Jumamosi nina keki ya tabaka nne, ya Watamu. Sirudishi kitu chochote. Nafunga kwa mkono, mlango mmoja mmoja, nazunguka gari kama natufu Al-Kaaba.

#60 PundaHanaFyuzi
Ule wa nyuma kushoto unaufungaje?

#61 Mama_Keki
Kwa ngumi.